Miti Iliyopangwa Mstari

Kwenye ule ukingo wa mlima hapakuwa na mti hata mmoja. Inspekta alikuwa na hakika, maana aliupanda kwa miguu yake mwenyewe siku ya tatu baada ya ajali, akashuka na malengelenge mawili kisiginoni. Aliona mwamba mtupu, nyasi fupi za kukatisha tamaa hata mbuzi, na nguzo mpya za umeme zilizopotelea ndani ya ukungu. Miti, hakuna.

Ndiyo maana jana, pale hospitalini, alipoinama kumsikiliza fundi wa winchi aliyezinduka baada ya siku tisa za kulala kama gogo, alimwomba arudie.

"Rubani alisema nini?"

"Alisema, 'Tukishavuka hii miti, tumefika.'" Fundi alimeza mate kwa taabu. "Halafu nikasikia kishindo. Basi."

Helikopta ile ya uokoaji ilibeba watu watatu. Rubani na mwuguzi walikufa papo hapo. Fundi wa winchi, mwendesha kamba ya kuvutia majeruhi juu, alibaki na uhai na uti wa mgongo uliovunjika mahali pawili. Kamati ya uchunguzi ilikuwa imeshaandika rasimu yake: rubani aliruka chini mno, akagonga nyaya za umeme, kosa ni lake. Ndani ya begi lake ilikutwa chupa ya dawa ya kikohozi, ile inayoleta usingizi, na kwa baadhi ya wanakamati chupa hiyo ilikuwa imemaliza mjadala. Haya maneno ya miti nayo, walisema, yamekuja kupigilia msumari. Mtu anayeona miti juu ya mwamba mtupu hakuwa na akili zake. Kesho saa tatu asubuhi rasimu ingepigwa mhuri.

Inspekta alilitazama jambo hilo kwa upande wa pili. Rubani alikuwa amehamia kituo hiki cha uokoaji mwezi mmoja tu kabla ya kufa. Bonde la kaskazini hakuwahi kuliruka hata mara moja kabla ya siku ile. Kama aliijua njia, basi aliijulia mahali pamoja tu.

Saa tano asubuhi Inspekta alikuwa ameketi mahali hapo.

Kwenye makaratasi paliitwa simuleta. Wafanyakazi wenyewe walipaita kibanda. Kilikuwa chumba kidogo kilichopandishwa juu ya miguu sita ya chuma, ndani yake viti viwili, saa na vishikio vya helikopta ya kweli, na mbele, badala ya kioo cha kutazama nje, skrini iliyopinda kutoka sikio hadi sikio. Rubani aliweza kuruka humo kutwa nzima, akapanda milima na kukatiza mvua, bila kuiacha sakafu ya jengo. Kiti cha kulia alikalia Mwalimu wa marubani, mzee mpole ambaye miaka thelathini ya kelele za injini ilikuwa imemla masikio. Nyuma yao alibanana Sajenti, magoti yakimgusa kidevu.

Mkuu wa Kituo alisimama mlangoni, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni.

"Nakutahadharisha, Bi Inspekta. Wengine hutapika humu."

"Nimezaa mapacha, Mzee. Endelea, Mwalimu. Njia ile ile, na hali ya hewa ya siku ile ile."

Mwalimu alibonyeza vitufe. Mawingu yakashuka hadi mabegani mwa milima, mvua ikaanza kuchora mistari kwenye skrini, na kibanda kikainama kama kitu chenye uhai. Sajenti alishika dari. Mto ulipita chini yao, kisha daraja, kisha machimbo ya kokoto. Inspekta aliyatambua yote. Dunia ya humu ilikuwa imefanana na ya nje hadi kwenye bati lenye kutu la banda la mlinzi.

"Hapa tunabanwa," alisema Mwalimu. "Wingu juu, mwamba chini. Ukingo ule mbele ndio mlango wa bonde. Ukiuvuka, umefika."

Ukingo ukajitokeza kwenye ukungu. Na juu yake, miti.

"Simamisha," alisema Inspekta.

Picha ikaganda. Alichukua rula kutoka mkobani, akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa skrini, akaanza kupima nafasi kati ya mti na mti, akiandika kwenye daftari dogo. Miti ilikuwa kumi na mmoja. Alipima mara ya pili kutoka upande mwingine.

"Mwalimu, umewahi kuona miti inayojipanga kama wanafunzi kwenye gwaride?"

Mzee aliitazama. Ilikuwa wazi kwamba ameitazama mara mia na hajawahi kuiona. "Miti ni miti tu, Mama. Mita kumi hivi urefu wake. Mimi huwaambia vijana wangu, mkiiona ile miti, pandeni mita thelathini, mpite juu yake..." Sauti ilimfia njiani. Mkono wake uliachia kishikio polepole. "Mama, kule kwenyewe kuna nini?"

"Nguzo za umeme. Mita arobaini na sita."

Mwalimu alizima injini ya uongo, swichi moja baada ya nyingine, kwa utaratibu aliofundishwa, kisha akabaki na mikono juu ya mapaja.

Mkuu wa Kituo alijibu toka mlangoni. "Sisi hatuichori dunia, Bi Inspekta. Tunaletewa. Milima inatoka Ofisi ya Ramani, mvua inatoka kwa watu wa hali ya hewa. Mwoka mikate haulizwi mchanga uliokuja ndani ya unga."

"Anaulizwa kama alichekecha," alisema Inspekta, akateremka ngazi.

Ofisi ya Ramani ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Mpima Mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alipoelezwa kilichosemwa juu ya unga wake, alivua miwani hiyo na kuiweka mezani kama anayejiandaa kupigana.

"Kasema mchanga? Amesema hivyo yule bwana?"

"Alisema anaoka tu."

"Njooni huku."

Aliwapeleka kwenye kompyuta, akafungua faili la bonde la kaskazini, akagusa skrini kwa ncha ya penseli. Nukta kumi na moja ziliwaka. "Someni wenyewe."

Sajenti alisoma kwa sauti. "Nguzo ya umeme, msongo mkubwa, chuma. Urefu mita arobaini na sita. Nyaya sita."

"Na risiti hii hapa. Wamepokea miezi mitano iliyopita, wametia saini. Laini hiyo mpya hata umeme haujapitishwa bado, lakini mimi niliipima siku ya pili baada ya kusimamishwa. Msinipakie mzigo wa mtu."

"Hatukupakii, dada yangu," alisema Inspekta. "Tueleze tu kama watu wasiojua. Nguzo inatoka hapa ikiwa nguzo. Inafika kule ikiwa mti. Njiani kuna nini?"

Hasira ya Mpima Mkuu ilipungua kidogo. Alivuta kiti. "Njiani kuna kamusi. Zamani kila ofisi ilikuwa na namba zake. Mimi nguzo naiita mia tatu na tano, yule wa hali ya hewa mia tatu na tano kwake ni ziwa. Ukipeleka mlima, unafika ukiwa bwawa. Watu walicheka mpaka siku moja waligundua kuwa hakuna cha kuchekesha. Tukakaa vikao miaka mitatu. Tuligombana, watu walinuniana hadi kwenye misiba. Mwishowe tukakubaliana kamusi moja kwa wote: kila kitu juu ya ardhi kina namba yake, na namba hiyo ni hiyo hiyo kwa kila mtu. Kila mwaka tunatoa toleo jipya."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu tuliigawa nguzo. Za mbao namba yake, za chuma namba yake, za simu namba yake. Aliyebaki na toleo la zamani, mashine yake inapokea namba isiyoijua."

"Na isiyoijua inafanya nini nayo?"

"Inakataa. Inaandika kosa kwa wino mwekundu na kukataa. Ndivyo tulivyoitaka." Alivaa tena miwani. "Mashine haiwezi kubuni mti, Afande. Mti unabuniwa na mtu."

Walikuwa mlangoni Inspekta alipogeuka. "Laini hiyo inapita mabonde mangapi?"

"Matatu. La kaskazini, la kati na la mashariki."

Mtu aliyeshughulikia data pale kituoni alijulikana kwa jina la Kamusi. Walimbandika wenzake, kwa kuwa alizijua namba zote elfu mbili na mia nne kwa moyo, na walipochoka mchana walimshindanisha: daraja la mawe? mtaro uliokauka? kaburi? naye alijibu bila kuinua macho. Alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Chumba chake kilikuwa na baridi ya mashine na mlio usiokoma.

Inspekta alimwona kwa mara ya kwanza, lakini alihisi anafahamu ile sura. Hakukumbuka wapi.

"Nionyeshe jedwali la kutafsiri," alimwambia. "Lile linaloiambia mashine kuwa namba fulani ni kitu fulani."

Kamusi alilifungua bila kusita. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokosea herufi mbili.

Inspekta alitafuta namba ya nguzo za chuma. Aliipata. Kando yake paliandikwa, wazi kabisa: nguzo ya umeme.

Sajenti alikuna kichwa. "Afande, hili liko sawa. Basi tumerudi pale pale."

"Ngoja." Inspekta alilisoma tena. Jedwali lilisema nguzo. Kibanda, asubuhi ya leo, kilisema mti. "Jedwali hili na ile dunia ya kule kibandani havisemezani. Kwa nini?"

"Kibanda hakisomi jedwali moja kwa moja," alijibu Kamusi, macho kwenye kibodi. "Dunia inajengwa mara moja. Siku mbili mashine inasaga faili zote, inatoa dunia iliyokamilika. Ukibadilisha jedwali baadaye, dunia ya zamani inabaki vile vile mpaka uijenge upya."

"Kwa hiyo siku dunia ilipojengwa, jedwali lilisema mti. Na baadaye mtu akaja akalisahihisha."

Kamusi alivuta kibodi karibu.

"Lini? Mashine hii inaandika lini, najua inaandika."

Alibonyeza. Mstari mmoja ukajitokeza, na Sajenti akausoma, kisha akausoma tena kimoyomoyo. Jedwali lilibadilishwa siku ya ajali, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Jina la aliyebadilisha: Kamusi.

Inspekta alivuta kiti akaketi magoti yakielekeana na ya yule bwana. "Nisikilize vizuri. Helikopta ilianguka saa nne na nusu asubuhi. Saa sita wenyeji waliikuta chini bondeni. Juu ukingoni hakuna aliyefika siku ile, ukungu ulizuia. Nyaya zilizokatika zilionekana kesho yake adhuhuri. Umeme haukuwemo, kwa hiyo hata kampuni ya umeme haikujua. Saa saba mchana ya siku ile, dunia nzima ilidhani ni injini. Lakini mtu mmoja alikuja hapa akarekebisha nguzo. Hakurekebisha mlima wala mto, bali nguzo. Mtu huyo hakuhitaji kuambiwa. Alijua tangu mwanzo."

"Jina ni langu," alisema Kamusi. "Andika tu, Afande. Ni mimi."

Alilisema upesi mno. Inspekta alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, na wachache sana hukiri kabla hawajaulizwa. Alimtazama usoni, na hapo ndipo akakumbuka. Uso ule ule, wenye mifupa ile ile ya mashavu, aliuona jana hospitalini: mwanamke aliyeketi ubavuni mwa kitanda cha fundi wa winchi akimlowesha midomo kwa pamba.

"Mke wa fundi wa winchi ni nani kwako?"

Kamusi aliinua macho kutoka kwenye kibodi.

"Dada yangu. Tumbo moja."

"Siku ile uliitwa hospitali?"

"Dada alinipigia saa sita na robo. Nikaondoka na pikipiki ya kukodi."

"Ulifanya nini kule?"

"Damu. Shemeji alihitaji damu, na mimi ni kundi lake."

"Kadi unayo?"

Aliitoa kwenye pochi, kadi ndogo yenye mhuri wa benki ya damu. Sajenti aliinyanyua kwenye mwanga. Kamusi alianza kutolewa damu saa saba na dakika tano. Alimaliza saa saba na nusu.

"Basi, bwana mkubwa," alisema Sajenti, "saa saba na dakika kumi na mbili ulikuwa umelala na sindano mkononi. Labda kama ulibonyeza kwa vidole vya miguu."

Inspekta hakucheka. "Neno lako la siri nani mwingine analo?"

Kamusi alitikisa kichwa.

"Mashine inaandika jina. Inaandika pia kompyuta iliyotumika?"

Alitikisa tena, lakini macho yake yalikwenda pembeni ya skrini, na Inspekta akayafuata. Mwisho wa mstari palikuwa na namba: kumi na nne. Alimtazama Sajenti. Sajenti akatoka.

"Usinifichie mtu," alisema Inspekta, sauti chini. "Unayemfunika yeye hajakufunika wewe. Amekuachia jina lako hapo lining'inie."

"Simfichi mtu, Mama." Kamusi alifungua kifungo cha kooni. "Nabeba la kwangu. Lile la siku ya ajali sikulifanya. Nililiona jioni, nikajua ni nani, maana neno la siri tulilijua wawili tu, nikanyamaza. Lakini lile la kwanza ni la mkono wangu. Miezi mitano iliyopita wakaguzi walikuwa wanakuja baada ya siku tatu. Niliingiza data mpya, mashine ikakataa vitu mia nne na kumi na mbili. Wino mwekundu ukurasa mzima. Nikamwambia Mkuu, tunahitaji wiki mbili kufunga toleo jipya la kamusi. Akasema hatuna wiki mbili, hatuna hata siku nne. Akasema vyote visivyojulikana viite mti. Mti haugombani na mtu."

"Ukaviita."

"Nikaviita. Niliandika kikaratasi, nikambandikia mezani kwake: hii ni ya muda. Wakaguzi walikuja, wakaruka, wakasifu. Kila wiki nilimkumbusha. Kila wiki aliniambia baada ya hili, baada ya lile. Mwisho nikachoka kukumbusha." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyempandia shemeji yangu ile miti. Kila jioni nakaa naye, dada ananishukuru kwa ile damu."

Mlango ulifunguka. Sajenti alikuwa amezunguka jengo zima akisoma vibandiko nyuma ya kompyuta, na vumbi lilikuwa limemjaa magotini. "Kumi na nne iko ofisini kwa Mkuu, Afande. Chini ya meza, upande wa dirisha."

Inspekta alisimama. Alikuwa na alichokuja kukitafuta, na mtu mwingine angetoa pingu wakati huo. Yeye alikwama kwenye jambo moja. "Jedwali alilisahihisha. Kwa nini hakuijenga dunia upya?"

"Kuijenga ni kufunga kibanda siku mbili na kuiandikia kamati sababu," alisema Kamusi. "Jedwali likiwa safi, anayekuja kukagua angeliona jedwali tu akaondoka."

"Kwa hiyo mabonde yote matatu bado yana miti."

"Yote."

"Tangu ajali, marubani wangapi wamefunzwa humo?"

Kamusi alihesabu kwa vidole. "Wanne." Kisha akatazama saa ya ukutani. "Yule mama rubani. Wiki nzima alikuwa kwenye bonde la mashariki. Leo kuna mgonjwa wa kuchukuliwa zahanati ya kule. Saa tisa."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na nane.

Chumba cha redio kilikuwa mwisho wa ujia, na Inspekta hakukumbuka baadaye kama alikimbia au alitembea. Alikumbuka tu kwamba Mkuu wa Kituo alikuwa ameshasimama mlangoni pa chumba hicho, mkono kwenye kitasa. Bila shaka Sajenti hakupiga magoti ofisini kwake bila kusikika.

"Bi Inspekta, tulia kwanza," alisema. "Chaneli hii inasikilizwa na watu wengi. Hospitali, zimamoto, waandishi wa habari wana redio zao. Ukitamka humo kwamba ramani yetu ina kasoro, kesho hakuna rubani atakayeiamini. Nipe dakika kumi tuandike taarifa rasmi."

"Amebakiza dakika ngapi kufika ukingoni?"

Aliyejibu ni Mwalimu wa marubani, aliyetokea nyuma yao bila koti, nywele timtim. "Sita. Pengine tano, akiwa na upepo mgongoni."

"Sogea, Mzee," alisema Inspekta.

"Mimi ndiye mwenye dhamana ya..."

Sajenti alimshika kiwiko kwa adabu zote na kumhamisha kama anavyohamishwa mtu aliyesimama mbele ya kabati. Mwalimu alipita, akaketi mezani, akavaa vipokea sauti. Akaishika maikrofoni.

"Okoa Mbili, huyu ni Mwalimu. Unanisikia?"

Mkwaruzo. Kisha sauti ya kike, shwari. "Nakusikia, Mwalimu. Wingu limeshuka huku. Nakaribia ukingo, nina mita thelathini chini yangu."

"Panda. Panda sasa hivi."

"Juu kuna wingu, Mwalimu. Nitapoteza ardhi."

"Ipoteze. Panda mita mia, mwelekeo ule ule. Usitafute kitu chini, soma saa zako tu. Niamini kama ulivyoniamini siku zote."

Alipolisema hilo alifumba macho. Redio ilikwaruza, ikanyamaza. Mle chumbani watu wanne walisikiliza ukimya ule. Kamusi alikuwa amefika mlangoni na kushikilia fremu kwa mikono miwili. Inspekta alihesabu hadi ishirini na tatu.

"Mwalimu." Sauti ilirudi, na sasa haikuwa shwari. "Wingu limefunguka kidogo. Kuna nyaya chini yangu. Kuna nguzo. Hizi hazipo kwenye njia tuliyofanyia mazoezi."

"Hazipo, mwanangu," alisema Mwalimu. "Geuza kwa juu, rudi nyumbani. Mgonjwa tutamfuata kwa gari."

Alivua vipokea sauti, akavilaza mezani, akageuka kumtazama Mkuu wa Kituo. Mkuu ndiye aliyeona lazima aseme.

"Jina lililo kwenye mashine si langu," alimwambia Inspekta. "Hilo utaliona mwenyewe."

"Nimeliona. Mwenye jina alikuwa akitolewa damu saa hiyo, na kompyuta iliyotumika iko chini ya meza yako. Lakini hilo la jedwali, Mzee, ungeweza kupata wakili wa kulizungusha. Haraka ya kazi, wakaguzi, hofu. Watu wangekuelewa." Inspekta alitoa pingu, akazishika tu mkononi. "Siku kumi umewaacha watu wajifunze kwenye dunia unayojua kuwa itawaua. Na dakika tatu zilizopita umesimama mbele ya mlango. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Nyoosha mikono."

Aliinyoosha. Kalamu moja ilidondoka mfukoni, ikaviringika chini ya meza, na hakuna aliyeiokota.

Hadi saa kumi na moja walikuwa wamefunga kibanda kwa utepe na lakiri, Mpima Mkuu amefika na wasaidizi wawili kunakili kila faili, na mwenyekiti wa kamati ameelezwa kwa simu kwamba rasimu yake asiitafutie mhuri. Alinung'unika juu ya chupa ya dawa ya kikohozi. Inspekta alimwambia rubani alikuwa na kikohozi.

Kamusi alikuwa ameandika maelezo yake kurasa nne, akatia saini kila ukurasa. Alipomaliza alibaki ameketi.

"Nitakwenda popote mtakaponipeleka," alisema. "Naomba kitu kimoja. Dada yangu asilisikie hili kwenye redio."

Sajenti alimtazama Inspekta. Haikuwa utaratibu, na wote wawili walijua. Inspekta alichukua funguo za gari.

Hospitalini walimkuta yule dada ujiani, akitoka kusuuza kitambaa. Alimwona kaka yake, akatabasamu, kisha akawaona waliokuwa nyuma yake, na tabasamu likakaa usoni bila mwenyewe. Kamusi alimwambia pale pale, wakiwa wamesimama, kwa maneno machache na bila kujitetea. Alimwambia habari ya namba, ya wakaguzi, ya miti. Alimwambia kwamba alijua tangu siku ile ile, na kwamba damu aliitoa akijua.

Mwanamke alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa akikikamua kile kitambaa, na aliendelea kukikamua hata maji yalipokwisha.

"Mwambie wewe," alisema Kamusi. "Kwako atalipokea."

"Mimi si tarishi wako, kaka," alijibu. Sauti yake haikupanda. "Yuko macho. Ingia ukamwambie mwenyewe."

Alisogea pembeni akamwachia mlango. Kamusi akaingia. Sajenti alipiga hatua kumfuata, Inspekta akamzuia kwa kiganja. Walibaki ujiani wote watatu, mlango ukiwa wazi nusu. Walisikia kiti kikiburutwa kusogezwa karibu na kitanda, halafu sauti dhaifu ya mgonjwa ikiuliza, "Shemeji? Mbona leo umewahi kuliko jana?"